Afisa Wenu Aliyemletea Bibi Jani la Sale

Wilbert E. Malisa,
Kwa Bibi Elisifa,
Old Moshi.
Jumamosi, 20 Juni

Kwa Mkuu wa Mafunzo,
Kitengo cha Maafisa Wapya wa Ustawi wa Watoto,
Moshi Mjini.

YAH: KUTELEKEZWA KWA AFISA FREDY (MIAKA 24), NA MTELEKEZAJI NI WEWE

Mheshimiwa Mama Dominika,

Shikamoo. Pole sana na kazi ya kulea vijana wa watu. Naitwa Wilbert, nina miaka ishirini na mbili, ni fundi simu pale Njoro, na ufundi nimejifunza mwenyewe kwa kuangalia video na kuharibu simu za marafiki. Nakuambia hivyo mapema ili ukiona humu ndani nataja kurasa za mwongozo wenu wa mafunzo usishtuke. Fredy aliusahau kwetu siku ya kwanza. Una kurasa mia na kumi na nane, nimeusoma wote mara mbili, na nimesahihisha pale mlipokosea namba za kurasa.

Barua hii ni ya tatu. Ya kwanza ilikuwa na hasira, ya pili ilikuwa na hasira na madoa ya maziwa, hii ndiyo yenye adabu.

Nianze na hali ilivyo. Dada yangu Beatha alifariki mwezi wa pili. Ameacha mtoto mmoja, Calvin, ana miaka minane, anaishi hapa na mimi na Bibi. Baba yake mzazi alishatangulia zamani; baba yake mkubwa, Augustino, yuko Dar, na ameomba amchukue. Simsemi vibaya. Ni mtu mstaarabu, ana nyumba ya vigae na jokofu la milango miwili. Sisi tuna jokofu la mlango mmoja, bovu, Bibi anatunzia humo mbegu za maharage. Ofisi yenu ikasema itatuma afisa aje aangalie mtoto akae wapi, na majibu yatolewe Alhamisi ijayo. Hapo sina ugomvi kabisa.

Ugomvi wangu ni kisanduku kimoja kwenye ile fomu, kile kilichoandikwa "Maoni ya mtoto". Mama, Calvin tangu tutoke makaburini hajaongea na binadamu. Anatikisa kichwa tu. Anayeongea naye ni Malkia, ambaye ni ng'ombe wetu. Mimi nimejitahidi jamani! Nimeangalia video zote za namna ya kuongea na mtoto mwenye majonzi, namuuliza maswali arobaini kwa siku, nimeyaandika kabisa kwenye daftari, akiondoka hapa namfuata kule. Wapi! Sasa kisanduku kile kikibaki kitupu mpaka Alhamisi, wataamua wakubwa, na wakubwa wakikaa kuamua wataangalia jokofu.

Tukasubiri afisa kwa hamu. Tukafagia uwanja. Nyie mkatuletea Fredy.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Njaa. Fredy alifika mara ya kwanza saa nane mchana akiwa hajala tangu jana yake. Nilimuuliza, kwa sababu midomo ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyeshuka kileleni. Bibi akampakulia kiburu, ndizi na maharage. Akamaliza. Akampakulia tena. Akamaliza huku anaandika kwamba "kaya ina chakula cha kutosha", na wakati anaandika hivyo chakula kilikuwa hakitoshi tena. Mwongozo wenu ukurasa wa arobaini na moja unataja dalili za mtoto aliyetelekezwa, na ya kwanza kabisa ni kula kwa pupa ugenini. Nikaweka alama ya vema pembeni. Kwa penseli, maana nilidhani ni bahati mbaya.

2. Mavazi. Sijui kama unajua kuwa huyu kijana ni wa Lindi. Huku ni Juni. Ukungu unashuka mpaka unaingia jikoni na kukaa na watu. Mmempandisha mlimani na shati la mikono mifupi na viatu vyeusi vilivyochongoka, vile vya kuvaa kwenye mahafali! Hajamaliza dakika tano kiatu cha kushoto kimemezwa na mfereji. Calvin ndiye aliyeingia kukitafuta mpaka magotini. Bibi akamvalisha Fredy koti la marehemu Babu, na mpaka leo analo, na limemkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi. Hilo silalamikii. Nalitaja tu.

3. Hajui nyumbani kwake wala kwa watu. Miadi ya pili ilikuwa jana Ijumaa saa nne. Saa sita hayupo, saa nane hayupo. Saa kumi napigiwa simu na mama mmoja wa Uru, nisiyemjua, anasema, "Kijana, kuna mtoto wenu amepotea huku kwetu, amevaa koti la mzee, anasema anatafuta mtoto." Mama Dominika, Uru! Alivuka bonde, akavuka mto, akapanda mgongo mwingine wa mlima, akawa anapiga hodi nyumba kwa nyumba anauliza kwa Bibi Elisifa. Na wale watu walivyo wakarimu, kila nyumba akala. Nimeenda kumchukua mwenyewe na kutia sahihi kwamba nimempokea, maana yule mama aligoma kumtoa bila mtu mzima wa kuwajibika. Amelala kwetu. Kitanda cha dirishani sasa kinaitwa cha Fredy.

4. Kazi kubwa kuliko umri. Nilimuuliza ana watoto wangapi kwenye mafaili yake. Kasema sitini na mmoja. Ana wiki ya tano tangu aanze! Mimi Bibi hajaniamini na ng'ombe mmoja, na nimezaliwa humu humu.

5. Malkia. Hapa naomba ukae chini.

Kwenye ile ziara ya kwanza Fredy alimuuliza Bibi, kwa heshima zote, "Bibi, mtoto huwa anaongea na nani hapa nyumbani?" Bibi akasema, "Na Malkia tu." Bibi ni mtu wa kujibu alichoulizwa, haongezi. Fredy akaendelea: anakaa wapi? Nyumba ya nyuma. Ana kazi? Hana, anakula tu. Ana watoto? Amezaa mara nne. Baba wa watoto? Bibi akacheka, akasema, "Nani atamjua, mwanangu, analetwa na kuondoka." Mimi nilikuwa nimesharudi kazini Njoro, sikuwepo kuokoa jahazi. Matokeo yake kwenye fomu ya serikali, sehemu ya mtu wa karibu zaidi na mtoto, imeandikwa hivi, nimeona kwa macho yangu: "Malkia, mtu mzima, hana ajira, watoto wanne, baba zao hawajulikani. Inapendekezwa apewe ushauri nasaha na aunganishwe na kikundi cha akina mama."

Alipotaka kumsaili ana kwa ana, Calvin ndiye aliyemshika mkono akampeleka bandani. Fredy alimtazama Malkia, akaitazama fomu yake. Halafu, ndugu zangu, hakufuta! Akavuta kiti akakaa. Kasema mafunzo yanamtaka amfuate mtoto pale anapojisikia salama. Kwa hiyo afisa wenu wa diploma ametumia saa mbili za mshahara wa umma kukaa kwenye samadi bila kusema neno, mtoto pembeni naye hasemi neno, ng'ombe anatafuna. Mimi ningekuwa nimeshauliza maswali themanini!

6. Jani. Hili ndilo linaloninyima usingizi.

Sijui nani kwenye mafunzo yenu alimwambia Fredy asiingie nyumba ya watu mikono mitupu. Kama ni wewe, umetuponza. Siku ile ya kwanza, kabla ya kiburu na kabla ya Malkia, alipita kwenye mpaka wa kihamba chetu cha migomba, akaona majani marefu ya kijani yanapendeza, akakata moja na kishina chake. Ni sale, Mama. Akaja nalo, akapiga goti, akampa Bibi kwa mikono miwili.

Wewe umekaa Moshi siku nyingi, unajua. Kwetu jani la sale si ua. Mtu akikuletea sale amekuja kuomba msamaha, na msamaha wa jambo kubwa, na ukishalipokea huna ujanja: umesamehe. Watu wamesameheana damu kwa jani lile. Bibi alilitazama, akamtazama yeye, akamuuliza, "Umefanya nini, mwanangu?" Fredy akatabasamu, akasema, "Bado sijafanya kitu, Bibi. Ndiyo kwanza nafika."

Bado! Akasema bado!

Bibi akalipokea.

Unaona tulipofika? Afisa anayeamua kama Calvin ataondoka ameomba msamaha kabla ya kosa, na mwenye nyumba amesamehe. Alhamisi akija kumchukua mtoto, Bibi hana mdomo wa kusema kitu, alishamaliza tangu siku ya kwanza. Nilimwendea jirani yetu Mzee Sirili, ambaye husuluhisha mambo ya mipaka, nimuulize kama sale linaweza kurudishwa kwa mwenyewe kwa kuwa lilitolewa kwa ujinga. Kafikiri sana, kasema kwa umri wake hajawahi kusikia mtu mjinga kiasi hicho, kwa hiyo utaratibu haupo.

7. Anakutetea. Nilitaka kutenda haki, nikamjazia Fredy fomu kama ile ile ya Calvin. Kwenye "Maoni ya mtoto" nikamuuliza anajisikiaje kuhusu mkufunzi wake. Kajibu, "Mama Dominika ni mkali, ila anatujali. Ananipigia kila jioni kuniuliza kama nimekula." Nikafungua ukurasa wa sitini na tatu: mtoto aliyetelekezwa mara nyingi humtetea mlezi wake. Mama, ungenyamaza ungekuwa na nafuu. Simu zako za jioni ndizo zimekumaliza.

Kutokana na hayo, na kwa kufuata mwongozo wenu wenyewe hatua kwa hatua bila kuruka hata moja, nimefikia uamuzi kwamba Afisa Fredy ni mtoto anayehitaji ulinzi. Najua ana miaka ishirini na nne. Lakini umri ni kigezo kimoja tu, na vingine vyote saba amefaulu. Nimekufungulia faili. Liko ndani ya boksi la simu, limeandikwa jina lako kwa kalamu nyekundu.

Leo asubuhi tumekaa kikao cha familia, mimi, Bibi na Mzee Sirili, na tumeazimia kumchukua Fredy kwa malezi ya kambo ya muda. Bibi hakuelewa kikao ni cha nini, alidhani ni cha Calvin, ila alipoulizwa kama Fredy abaki alisema, "Aende wapi na mvua hii?" Nimelihesabu hilo kuwa ridhaa.

Ninaomba sasa yafuatayo. Kwanza, Fredy aondolewe kwenye shauri la Calvin leo hii, kwa sababu mtu asiye na mlezi hawezi kupangia mtu mwingine mlezi. Apelekwe upya mafunzoni, aanzie darasa la kuvaa soksi. Pili, mtuletee kabla ya Alhamisi afisa mzima, mkubwa, mwenye gambuti, anayejua ng'ombe akimwona, na anayejua kuongea, maana kisanduku hakiwezi kujazwa na watu wawili walionyamaza bandani. Tatu, wewe mwenyewe uje ufanyiwe tathmini hapa nyumbani. Nina maswali arobaini tayari, nitabadilisha jina tu. Nne, Fredy anasema darasa lao lina maafisa wapya kumi na wanne. Kama mmoja yuko hivi, wale kumi na watatu wako mashakani wakati huu huu tunapoongea, wengine labda wako Uru wanakula. Waletwe wote. Kozi ya maafisa wapya ihamie kwetu, mkufunzi nitakuwa mimi: wiki ya kwanza matope, wiki ya pili majani ya kukata na majani ya kuacha, wiki ya tatu mifugo kwa majina yao. Tano, nimejiuliza, huyu Mama Dominika naye alipokuwa mpya alilelewa na nani? Isije ikawa na wewe ulitupwa mlimani na viatu vya mahafali. Kama ndivyo, pole sana, mlete na mkuu wako wa zamani, na wa kwake, tutawapokea wote mpaka tumpate aliyeanza. Vitanda ni vitatu, ila Bibi hajawahi kumrudisha mtu.

Naomba nijibiwe kwa haraka kabla mtoto wetu hajapakiwa kwenye basi la Dar kwa ajili ya kisanduku kimoja kitupu.

Nawasalimu wote hapo ofisini, akiwemo mlinzi wa getini aliyenizuia Jumatatu kwa sababu nilikuja na ushahidi ukiwa kwenye ndoo. Wasalimie wale maafisa wapya kumi na watatu, waambie wale. Bibi anakusalimu, anauliza kama unakunywa maziwa mgando. Mzee Sirili anakusalimu ingawa bado anatikisa kichwa. Malkia naye anakusalimu, mtu mzima, asiye na ajira.

Ni mimi niliyekereka lakini mwenye heshima kwako,

Wilbert E. Malisa
Fundi simu, mjomba, na mlezi wa muda wa afisa wako

Nyongeza: Mama, subiri. Nilikuwa nalamba bahasha hapa mlangoni mwa jikoni nikasikia mtu anafoka bandani.

"Siyo hivyo! Unamuumiza. Shika huku juu, vuta taratibu."

Nikadhani ni Bibi. Bibi alikuwa nyuma yangu anapuliza moto. Tukatazamana.

"Hivi?" Hiyo sauti ni ya Fredy.

"Hapana. Wewe nani alikufundisha?"

"Kukamua sikufundishwa."

"Sasa ulifundishwa nini?"

"Kujaza fomu."

Halafu Calvin wetu, Mama, Calvin huyu huyu, akasema, "Haya, ilete."

Sikwenda. Bibi alinishika shati. Nimekaa kwenye kizingiti mpaka wametoka, mmoja na ndoo yenye maziwa ya kujaza kijiko, mwingine anaongoza njia ili mwenzake asitumbukie mferejini. Nikamwambia Fredy anionyeshe hiyo fomu. Akaikumbatia ndani ya koti la Babu, kasema ni siri ya mtoto mpaka mtoto mwenyewe aruhusu. Fredy! Yule aliyemwandikia ng'ombe ushauri nasaha, ananikazia mimi macho! Calvin akafikiri, akasema anko asomewe. Kisanduku kimejaa mpaka kimemwagikia pembeni. Kimeandikwa: "Nibaki hapa. Anko anaongea sana lakini nimemzoea. Nikienda Dar nani atamfundisha huyu kukamua, na nani atampeleka barabarani."

Nimekaa nimefikiri. Mimi kila kitu nakijua, kwa hiyo nani ataniambia kitu? Fredy hajui kitu chochote, na anakaa kimya akisubiri aambiwe. Mtoto ilibidi aongee tu, angefanyaje.

Bibi naye nimemuuliza kuhusu ule msamaha wa mapema. Kasema alijua tangu mwanzo yule kijana hajui alichoshika. Alilipokea kwa sababu kijana alikuwa anatetemeka kwa baridi, na ndani kulikuwa na moto. Jani lenyewe nimekuta kalichomeka ardhini pale uani, na limeshika.

Barua hii nilitaka kuichana, Bibi amekataa, anasema maneno yakishawekwa tarehe yameshasemwa, cha kufanya ni kimoja tu. Basi ndani ya bahasha utakuta sale. Nimelikata mwenyewe, na najua nilichokata. Ni kwa ajili ya namba moja mpaka namba saba, pamoja na faili na kalamu nyekundu. Utaratibu unaufahamu, upo hapo juu namba sita: ukishalishika huna ujanja.

Anayekukabidhi barua hii ni Fredy. Calvin amemsindikiza mpaka lami, kwa hiyo atafika. Nakuomba sana, Mama Dominika, huyu msimfundishe kitu kingine chochote.